Ukurasa wa Nne wa Faili la Mama Mdogo

Barua zenu nimezipata. Msomaji mmoja ananiambia anayefukua makaburi asilalamikie harufu. Mwingine, fundi cherehani, anataka anwani ya yule mpiga ramli wangu kwa sababu mumewe anamficha kitu. Fundi, soma kwanza ya leo, halafu uamue.

Kwa aliyelishika gazeti hili kwa mara ya kwanza, asogeze kiti nimweleze kwa kifupi. Mimi ni msahihishaji wa gazeti hili hili. Miaka kumi na tisa nimekaa ghorofa ya pili nikiwinda koma zilizopotea na majina ya wakubwa yaliyokosewa. Nilitaka kuandika riwaya kuhusu mdogo wake mama, mama yangu mdogo, ambaye waliomjua walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Nyumbani tuliambiwa alikufa mwaka niliozaliwa mimi. Basi alilopanda liliingia mtoni, mwili haukupatikana. Mhariri alizikuta kurasa zangu mezani, akasema tuzitoe kila wiki.

Nilidhani naandika hadithi ya marehemu.

Nikafukua magazeti ya zamani, nikakuta basi lile kweli liliingia mtoni, lakini wakati huo mimi nilikuwa darasa la kwanza. Miaka sita ilikuwa imeyeyuka.

Nikaenda idara ya nyaraka, nikajaza fomu yenye jina lake kamili. Mtunza nyaraka, ambaye namwita Bwana Gundi kwa kuwa kutwa anabandika karatasi zilizochanika, akaniambia faili halionekani. Ila yupo mama mmoja, akasema, anawasaidia watu ambao mafaili yao hayaonekani. Mama huyo hutazama bakuli la maji. Mimi nikampachika jina la Mama Bakuli, nikaenda kwake kwa ajili ya riwaya tu. Ndivyo nilivyojidanganya.

Aliniambia mambo manne. Kwamba Chiriku hakufa majini. Kwamba alinyolewa kichwa. Kwamba alikaa katika nyumba yenye madirisha mengi yasiyofunguka, na hapo Mama Bakuli akachomoa karatasi chini ya bakuli, akasema ni maji yaliyoandika, yeye hajui kusoma wala kuandika. Karatasi ilisema: Hosipitali, 307. Jambo la nne alilisema nikiwa nimeshavaa viatu mlangoni.

"Kamuulize mama yako nani alifunga mlango wa nyuma."

Nikarudi kwa Bwana Gundi na namba ile. Wiki iliyopita niliwaacha pale alipolitua faili mezani mbele yangu, vumbi likaruka.

Leo nalifungua. Na leo mwenye kosa ni mimi.

Faili lilikuwa na kurasa kumi na tisa, kila moja imetiwa namba kwa penseli kwenye pembe. Ukurasa wa nne ulikuwa fomu ya kumpokea mgonjwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mimi sisomi kama watu wengine. Macho yangu huona mwandiko kwanza, maana huja baadaye. Niliona herufi yenye mkia mrefu unaojikunja kama ndoana, nikasema moyoni, huyu namjua. Ilikuwa sahihi ya mama yangu. Ile ile aliyotia kwenye ripoti zangu zote za shule.

Mtoa taarifa: dada wa mgonjwa. Shahidi: shemeji wa mgonjwa. Huyo ni baba yangu, aliyefariki miaka tisa iliyopita.

Chini yake daktari alikuwa ameandika mistari miwili. "Mgonjwa anarudia jambo moja kuhusu shemeji yake. Dada yake amethibitisha kuwa halina ukweli."

Jambo gani, hakuandika.

Nikaenda ukurasa wa mwisho. Mwaka wa sita, mgonjwa ametoroka. Familia imearifiwa kwa barua.

Familia imearifiwa. Nilikaa na maneno hayo mawili mpaka nikaanza kuyaona kama kosa la uchapaji.

Nikalifunga faili nipumue, na hapo ndipo jicho langu la kazi liliponiamsha. Juu ya jalada kulikuwa na karatasi mpya, wino haujafifia, imebandikwa kuonyesha faili limetoka wapi. Iliandikwa: Hosipitali ya wagonjwa wa akili. Namba 307, na saba yake imekatwa kiunoni kwa mstari.

Nikatoa mkobani karatasi iliyoandikwa na maji. Nikaiweka kando. Saba ile ile, kiuno kile kile.

"Huu ni mwandiko wa nani?" nikamuuliza Bwana Gundi.

"Wangu."

"Na huu?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaitazama karatasi kama mtu anayetazama cheti cha mtoto aliyefeli.

"Maji yana mwandiko mbaya," nikamwambia. "Na hayajui kuandika hospitali."

Akakaa.

"Ni mke wangu," akasema. "Yule mama ni mke wangu."

"Kwa hiyo faili halikupotea."

"Lilikuwa hapa hapa mezani. Nilikuwa nalisoma kwanza."

"Unalisoma, unampelekea mkeo, mkeo ananitazamia bakuli."

"Dada, nina miaka ishirini na sita chumba hiki. Mtu anakuja anamtafuta baba yake. Nampa faili, anakuta tarehe na muhuri. Anaondoka mkavu vile vile alivyokuja. Akipitia kwa mke wangu, analia. Anatoka pale mwepesi."

"Huo ni utapeli."

"Ndiyo," akasema. "Lakini wewe ndiye wa kwanza kurudi kulalamika."

Nilitaka kumpandishia. Nikakumbuka nilichokuja kutafuta.

"Ulimwambia mkeo mambo mangapi?"

"Namba. Hospitali. Kunyolewa, maana zamani wote walinyolewa. Na kwamba alitoroka, kwa hiyo hakufa."

"Na mlango wa nyuma?"

"Mlango gani?"

Akanishangaa, nami nikamshangaa.

"Hilo halimo," akasema taratibu. "Soma tena ukitaka."

Nilisoma kurasa zote kumi na tisa, mbele kurudi nyuma kama ninavyofanya na kurasa za matangazo ya vifo, ambako kosa halisameheki. Hamkuwa na mlango.

Kesho yake saa nne asubuhi nilikuwa kwa Mama Bakuli. Nilimkuta anaosha vyombo. Lile bakuli la kutazamia lilikuwa ndani ya beseni pamoja na sufuria na vijiko.

"Mume wangu ameshaniambia," akasema bila kugeuka. "Vuta kiti."

"Sikuja kugombana. Nimekuja kwa ajili ya mlango."

Akalisuuza bakuli, akaliinamisha mezani lichuruzike, akafuta mikono.

"Nilikuwa mhudumu wa wodi kule miaka kumi na mmoja. Mia tatu na saba alikuwa kitanda cha pili kutoka dirishani. Aliyemnyoa ni mimi."

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia. Badala yake nikavuta kiti.

"Alikuwa mgonjwa?"

"Siku ile ya kwanza? Hapana. Alikuwa anasema tu. Anasema kiwanda cha sare kilipoungua, wanawake kumi na mmoja walikufa wamerundikana kwenye mlango wa nyuma, kwa sababu ulikuwa na kufuli kwa nje. Anasema yeye alitumwa stoo kuchukua nyuzi, akamwona aliyelifunga. Msimamizi wa zamu. Shemeji yake."

Msimamizi wa zamu alikuwa baba yangu.

Nyumbani kwetu, ukutani juu ya redio, kipo cheti cha baba. Kiwanda kilimpa kwa ushujaa, kwa kuwa siku ya moto aliungua mikono yote miwili akijaribu kuokoa watu. Nimekua chini ya cheti hicho. Nimekipangusa vumbi kila Jumamosi ya utoto wangu.

"Uongo," nikasema. Sikujua namwambia nani.

"Ndivyo alivyosema daktari. Akaacha amri, kila akitaja mlango apewe kidonge. Mimi ndiye niliyekuwa nampa. Asubuhi anataja, nampa. Mchana anataja, nampa. Baada ya mwaka hakuhitaji tena kutaja. Akiniona tu naingia, anafungua mdomo mwenyewe."

Alisema hivyo akiitazama mikono yake.

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nani? Angeniuliza nimeyapata wapi. Ningesema, kwa kichaa."

"Alitorokaje?"

"Mwaka wa sita nilisahau kufunga geti la kufulia nguo. Nilisahau makusudi. Wakanifukuza kazi, na sikuwalaumu."

"Ungenieleza hivi siku ile ile. Bakuli la nini?"

"Nilitaka uyapate kwa maji. Yakitoka kwa maji, huulizi nani alikuwa anampa vidonge."

Nikamuuliza Chiriku yuko wapi sasa.

"Nakuapia sijui. Nimetazama mpaka humu ndani," akasema, akalisukuma bakuli kwa kidole. Aliguna kama anayecheka, lakini hakukuwa na kicheko.

Nilikwenda kwa mama moja kwa moja. Nilimkuta ameanua nguo. Alinipa pembe mbili za shuka tukunje, kama tulivyozoea tangu nina kimo cha meza.

"Shika huku. Usiburuze chini."

"Mama, nani alifunga mlango wa nyuma?"

Hakuliachia shuka.

"Baba yako," akasema. "Nilidhani utaniuliza ukiwa na miaka ishirini. Umechelewa."

Wasomaji wangu, nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa kukana, hata kwa kofi. Kwa jibu hilo sikuwa nimejiandaa.

"Alifunga kwa nini?"

"Vitambaa vilikuwa vinaibwa kupitia mlango ule. Wakubwa wakamwambia azibe. Akafunga, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kula. Moto ulipowaka alirudi mbio. Chuma cha lile kufuli kilikuwa kimeshaiva. Ile mikono unayoijua aliiunguzia pale, kwenye kufuli lake mwenyewe. Watu walimwona na mikono ile, wakasema shujaa. Yeye hakusema kitu. Walimwita shujaa kabla hajapata nguvu ya kusema."

Tukakunja. Tukasogeleana, akachukua pembe zangu, nikarudi nyuma kushika zile za chini.

"Na Chiriku?"

"Chiriku alisema atasema. Wewe ulisikia wapi yule mtoto akanyamaza? Baraza la uchunguzi wa moto lilikuwa linakaa Alhamisi. Jumanne tukampeleka."

"Alikubali kwenda?"

Mama akanyoosha pindo la shuka.

"Nilimwambia nakwenda kupimwa. Nilikuwa na mimba yako, miezi saba. Akasema siwezi kwenda peke yangu na hali ile. Alinibebea mkoba njia nzima."

Shuka lilikuwa limeshakuwa dogo, kama kitabu. Nililishikilia tu, sijui la kulifanya.

"Ulifikiria nini, mama?"

"Nilifikiria wiki mbili. Baraza limalize, nikamtoe. Wiki mbili zikawa mwezi, nikaenda. Aliponiona akanikimbilia, na kabla hajanisalimia akaanza tena, dada, niliuona mlango. Nikarudi nyumbani peke yangu. Mwezi mwingine hivyo hivyo. Halafu nikaenda, hakunikimbilia tena. Hakunijua. Sikurudi tena."

"Na basi?"

"Barua ilikuja kwamba ametoroka. Wiki ile ile basi likaingia mtoni. Nikamzika humo. Mtu lazima umzike mahali, mwanangu, la sivyo atakufuata jikoni."

"Ulisema alikufa mwaka niliozaliwa."

"Kwangu mimi ndio mwaka aliokufa."

Akachukua shuka jingine. Sikulipokea. Akaanza kulikunja peke yake, kidevu kikishikilia pindo.

"Hadithi yako endelea nayo," akasema. "Nasomewa kila wiki, unaandika vizuri. Hata hili la mlango andika ukitaka, watu watasema umetunga, si ndiyo kazi yenu. Lakini karatasi yenye sahihi yangu haitungi. Hiyo itoe."

"Siwezi."

"Watoto wa wale kumi na mmoja tunaishi nao humu humu. Mmoja ndiye anayenipima presha kila mwezi. Ananiita mama. Ananishika mkono huu." Akaunyoosha mkono wake mwembamba, akautazama yeye mwenyewe. "Baba yako hayupo kujitetea. Mimi nimebakiza miaka mingapi? Nikishakufa, irudishe."

"Nimesema siwezi, mama."

Nilisema siwezi Jumatatu. Jumatano niliweza.

Sitajitetea sana. Usiku wa kuamkia siku ile sikupigana na dhamira wala nini, nililala vizuri, na hilo ndilo linalonitia aibu. Niliamka nikiwa nimeshaamua, kama mtu anayekwenda kulipia maji.

Nikamwomba Bwana Gundi faili la 307. Akalileta. Akaniona nikitoa rula mkobani. Tulitazamana. Yeye alijua kwamba nikienda kwa mkuu wake na ile karatasi ya hosipitali, kazi hana. Mimi nilijua kwamba anajua.

Akanyanyuka, akasema anakwenda kutafuta gundi. Kopo la gundi lilikuwa mbele yake, limefunguliwa, brashi imo ndani.

Niliweka rula kwenye ukingo wa ukurasa wa nne, nikavuta taratibu kama tunavyokata karatasi kazini. Haukupiga kelele. Niliukunja ndani ya gazeti, gazeti hili hili, nikautia mkobani.

Mtu aliyetumia mwaka mzima kumtafuta mama yake mdogo alitumia dakika moja kumpoteza tena. Huyo mtu ni mimi, na ndiyo sababu nimeandika yote haya.

Ukurasa ule nikautia kwenye droo ya meza yangu, hapa kazini, chini ya kurasa za majaribio. Nilijiambia nautunza tu. Mama nikamwambia tayari. Akasema ahsante, akaniuliza kama nimekula.

Hayo yalikuwa Jumatano iliyopita. Leo saa tatu asubuhi mama wa mapokezi amenipigia simu kutoka chini.

"Una mgeni. Anasema ni ndugu yako, ila jina atalitaja kwako."

"Mwambie apande."

Aliingia mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, nywele nyeupe zimekatwa karibu na ngozi, raba miguuni. Kwapani alikuwa na magazeti yaliyofungwa kwa kamba. Pua ilikuwa ya mama. Hata namna ya kusimama, uzito wote mguu mmoja, ilikuwa ya mama.

Nilisimama, hata kumwamkia nikasahau.

"Wewe ndiye msahihishaji," akasema.

"Ndiyo."

"Sehemu ya tano umeandika nilikuwa mrefu. Mimi sijawahi kuwa mrefu."

Nikamsogezea kiti. Nikakaa kabla yake.

"Ulikuwa wapi?" Ndilo swali pekee lililonijia.

"Mbali. Nimeosha vyombo vya watu, nimelea watoto wa watu, na nimenyamaza. Hilo la mwisho ndilo lililonichosha." Akaweka magazeti mezani. "Wiki tano zilizopita jirani alinifungia sabuni kwa ukurasa wako. Nikaona jina langu. Nilisimama barabarani nikasoma mpaka sabuni ikaanguka."

"Mama mdogo," nikaanza.

"Ngoja nimalize, nina miaka mingi sijamaliza kusema kitu." Alisema bila hasira. "Nimewatafuta watoto wa wale wenzangu kumi na mmoja. Saba nimewapata. Nimewaeleza, wananisikiliza, lakini naona macho yao. Wamenipeleka kwa wakili. Wakili kijana mzuri tu, hakunificha. Amesema mama, neno lako peke yake ni neno la mgonjwa aliyetoroka. Nipe karatasi inayoonyesha nani alikupeleka, na kwamba alikupeleka siku mbili kabla ya baraza kukaa. Nikipata hiyo, nasimama nayo popote."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya droo. Sikumbuki niliuweka lini.

"Jana nimekwenda nyaraka," akaendelea. "Ukurasa wa tatu upo. Wa tano upo. Yule mzee wa pale amesema hakumbuki kitu, mpaka akatokwa na jasho. Lakini daftari la wasomaji linakumbuka. Jina la mwisho ni lako."

Ofisi nzima ilikuwa inaendelea na kazi. Mtu wa michezo alikuwa anacheka kwenye simu. Mhariri alipita akaniuliza kama ukurasa wangu uko tayari, nikasema karibu.

Mama mdogo akasubiri apite. Kisha akainama kidogo kuelekea kwangu, kama mtu anayeuliza njia.

"Umeuona wa nne?"

Nilimwona mama na mkono wake mwembamba. Nilimwona yule mpima presha, ambaye namjua kwa sura na ambaye ananisalimia sokoni. Nikaiona mikono ya baba, ile ngozi laini isiyo na mistari niliyokuwa nikiishika nikiwa mtoto tukivuka barabara. Nilikuwa na muda wa kutosha. Msiseme niliropoka.

"Hapana, mama mdogo," nikasema. "Sijauona."

Hakushtuka. Akaanza kukusanya magazeti yake moja moja, akayalinganisha kingo, akafunga kamba.

"Una sauti ya dada yangu," akasema.

Akasimama. Nilidhani anaondoka, nikasimama nimsindikize. Akanizuia kwa kiganja.

"Fanya kazi yako. Nitakaa pale chini. Nimeshazoea kukaa."

Hiyo ilikuwa saa tatu na nusu. Sasa ni saa tisa. Sijashuka, hata kula sijala. Nimeandika haya yote kwa mkupuo mmoja, badala ya sehemu niliyokuwa nimeitayarisha, na mhariri hajayaona. Kila kinachokwenda kwenye mitambo hupitia kwangu mwisho, kwa hiyo kuyapitisha au kuyafuta ni kazi ya kalamu yangu tu. Ukurasa huu unaondoka saa kumi. Droo nimeifungua mara mbili, nikaifunga mara mbili. Mama amepiga simu, sijapokea.

Mama wa mapokezi naye amepiga sasa hivi. Anasema mgeni wangu amekunywa maji, amekataa chai, na anauliza gazeti la kesho linatoka saa ngapi.